Uru Mbili

Afrah alinipigia simu Jumanne asubuhi, wiki moja baada ya arobaini ya mama yake. Nilikuwa uani naanua nguo, simu nimeibana kati ya sikio na bega.

"Shikamoo ma'mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Ma'mdogo, lile kopo la karata za mama lipo tu hapa kabatini, linachukua nafasi. Sijui utakuja kulichukua?"

"Mpe Mwalimu Edgar," nikamwambia. "Yeye hupita huku Tegeta kila wiki, ataniletea."

Nilisikia pikipiki ikipita mbele ya duka lao.

"Haya," akasema. "Nitampa."

Nikaendelea na nguo. Nilipofika kwenye shuka ya mwisho, mkono wangu ulisimama juu ya kibanio. Kopo lile ni la biskuti, la bati, unalibeba kwapani. Nyumba yao ya Mwananyamala ina vyumba sita, juu na chini, na Afrah anaishi humo peke yake, maana mumewe Aiman yuko Maskati kikazi na hurudi mara moja kwa mwaka. Kopo la biskuti linachukua nafasi gani?

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimemfanyia mtoto kosa lile lile nililomfanyia mama yake. La mama haliwezi kurekebishwa tena. La mtoto sikujua bado.

Mama yake ni Wahiba, mwenye duka la vitambaa Mwananyamala, kituo cha kwa Kopa. Ni Waarabu wa siku nyingi hapa mjini, babu yake ndiye aliyelifungua duka. Mimi ni Mhaya wa Muleba. Nilimaliza kidato cha nne nikaja Dar es Salaam kupiga chapa, baadaye nikawa karani wa masjala mpaka nikastaafu. Nilipanga chumba chao cha juu nikiwa na miaka thelathini na minne, nikakaa humo miaka kumi na moja, ndipo nikajenga Madale, upande wa Tegeta. Sikuolewa.

Nilipohamia pale mume wa Wahiba, Sultan, alikuwa hai. Ujanani alifanya kazi melini, na huko ndiko alikojifunza briji, akarudi nayo nyumbani kama wengine walivyorudi na redio. Shida ya briji ni kwamba inataka watu wanne. Alikuwapo yeye, mkewe, na shemeji yake Muhannad, mdogo wake Wahiba. Jumamosi moja alasiri Wahiba alinigongea mlango.

"Jovina, una kiti?"

"Ninacho, Bi Wahiba."

"Basi kishushe chini."

Nikakibeba, nikidhani wamepata wageni. Nilipofika sebuleni nikakuta meza ina karata zimeshagawiwa mafungu manne, na viti vitatu. Upande wa nne palikuwa wazi. Ndivyo alivyonialika, na alikuwa hivyo siku zote. Akitaka chumvi angekuuliza kama mchuzi umekolea. Mimi nimelelewa na watu wanaosema chumvi wakitaka chumvi, ikanichukua miaka kumzoea, na kumbe sikumzoea kabisa.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe uko hivi. Watu wanne, wawili wawili. Mnaokabiliana ndio wenzi. Kila mtu ana karata kumi na tatu. Kabla ya kucheza kunakuwa na mnada. Kwa zamu kila mmoja anataja rangi na namba, maana yake rangi hii ikiwa turufu sisi tutakula mara kadhaa, na anayetaja kikubwa kuliko wote ndiye anayecheza. Usipotaka kutaja unasema napita. Rangi zina ngazi: pao ndiyo ya chini, juu yake uru, halafu kopa, na shupaza juu kabisa. Kumwonyesha mwenzio karata ni mwiko, kumkonyeza ni mwiko. Una maneno ya mnada tu. Kwa hiyo wenzi hupatana mapema kwamba neno fulani lina maana fulani, na wapinzani wakiuliza wanaambiwa.

Kwetu nilikulia nikiita uru kisu, na pao nikiiita maua. Kwa Wahiba ilikuwa uru na pao, hawakuwa na maneno mengine. Miaka yote ile akisema uru, kichwani mwangu lazima kwanza iwe kisu, ndipo niione. Kilikuwa kitambo kidogo tu, kama kupangusa miwani. Sikumwambia mtu.

Sultan alipofariki, Mwalimu Edgar, anayefundisha hesabu sekondari, alichukua kiti chake akawa mwenzi wa Muhannad. Mimi nikabaki na Wahiba. Sultan aliacha kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, nami nikakitafsiri kwa Kiingereza changu cha masjala na kukipiga chapa ofisini saa za chakula. Zilitoka kurasa nne. Humo ndimo tulimopata njia ya kutaja rangi iliyo chini ya ile unayoitaka. Ukiwa na kopa nyingi unasema uru. Ukiwa na shupaza unasema kopa. Mwenzio anajua, anapanda ngazi moja, na anaitaja yeye. Kitabuni waliita kuhamisha. Wahiba aliita kupiga hodi kwa jirani.

Kwa miaka mingi tuliitumia pale tu wapinzani walipokaa kimya. Muhannad na Edgar wakiingilia mnada, tuliiacha, kila neno likarudi kwenye maana yake. Mwezi mmoja kabla hajafa, tukiwa tunasubiri wanaume wamalize kunawa mikono, Wahiba alinisogezea sahani ya visheti akasema tubadilishe.

"Hata wakituingilia, tuwe tunapiga hodi."

"Si tutachanganyikiwa?"

"Wakati wa kelele ndio mtu anaihitaji, shoga. Kukiwa kimya hata nikikohoa unanisikia."

"Mie nakuonea huruma wewe. Kwa nini usiseme kopa zako moja kwa moja tukamalizana?"

Alicheka. "Nikisema kopa, nimemaliza. Nikisema uru, bado nina zamu. Wewe unanifungulia tu. Nikiwa sina kitu nitakaa hapo mlangoni kimya, si neno. Nikiwa nacho nitaingia ndani niseme lililonileta. Lakini usiponifungulia ndio basi, hata mie sitajua ningesema nini."

Nikakubali. Muhannad alikuwa ameshaingia akifuta mikono.

"Hawa wanapanga mapinduzi, Mwalimu," akamwambia Edgar. "Angalia visheti vimebaki viwili."

Jumamosi ya mwisho ilikuwa mwezi wa pili, joto lile la kukata pumzi. Feni ilizunguka juu yetu ikihamisha joto kutoka kona hii kwenda kona ile. Wahiba alikuwa amekonda. Bangili zake ziliteleza karibu mpaka kwenye kiwiko kila alipoinua mkono, naye akawa anazirudisha.

"Umepungua," nilimwambia.

"Joto," akasema.

Muhannad aligawa karata na kuanza mnada. "Pao moja."

Nilikuwa na shupaza tano nzuri. "Shupaza moja," nikasema.

"Pao mbili," akasema Edgar, kwa sauti yake ya darasani.

Ikawa zamu ya Wahiba. Alizipanga karata zake upya, akazigonga mezani kwa ukingo zikae sawa. Hakuniangalia.

"Uru mbili."

Muhannad akapita.

Uru, nikawaza. Kisu. Nikatazama mkononi, kisu ninazo nne. Basi mwenzangu ana kisu nyingi na mimi ninazo nne, tunatosha. Nikajisikia vizuri kabisa, kama mtu aliyemaliza kazi yake. Nilikuwa nimelitafsiri lile neno mara moja, na lilitaka kutafsiriwa mara mbili.

"Napita," nikasema.

Edgar akapita haraka kabla sijavuta pumzi.

Muhannad akatupa karata ya kwanza, nami nikalaza zangu zote mezani wazi. Ndiyo sheria: mwenzi wa anayecheza analaza karata, na tangu hapo hachagui kitu wala hasemi. Sisi tunamwita bubu. Nikalaza shupaza tano, kisu nne, pao moja, na kopa tatu, moja yao ikiwa ree, karata kubwa kuliko zote. Wahiba alizitazama zile kopa kwa muda. Ndipo nikakumbuka.

Nilikaa na mikono mapajani nikimwangalia akihangaika na turufu ya uru, na mkononi alikuwa na uru mbili tu, ndogo, huku kopa zake sita, mfalme na malkia zikiwa ndani yake, zikikaa bure. Tulitakiwa kula mara nane, maana namba ya mnada huhesabiwa juu ya sita. Tulikula mara tano. Mchezo ulipokwisha Edgar alizigeuza karata na kuhesabu kwa vidole, ualimu haumtoki, akasema kopa zingekula mara kumi bila wasiwasi.

"Jovina," Muhannad akasema, "umeishi kwa Kopa miaka kumi na moja, na kopa zenyewe hukuziona."

Tulicheka wote. Wahiba alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akakusanya karata, akasema kwa upole tu, "Umeniacha mlangoni kwa jirani, shoga."

"Nisamehe. Nilisahau."

"Si neno. Jirani mwenyewe hakuwa mkali."

Siku hiyo alinisindikiza mpaka kituoni. Katika miezi ile ya joto alikuwa ameacha kunisindikiza, nikaona ni heshima tu. Tulisimama kwenye kivuli cha kibanda cha vocha. Makondakta walikuwa wanaita Kopa, Kopa, wanaoshuka kwa Kopa.

"Kile chumba chako cha juu nimekipaka chokaa," akasema.

"Vizuri. Sasa utapata mpangaji."

"Na dirisha nimeweka wavu. Mbu hawaingii."

"Mpangaji atafurahi."

Alirudisha bangili mahali pake. "Kule Madale nasikia kuna baridi."

"Asubuhi kidogo. Kilimani kuna upepo."

"Haya," akasema. "Gari lako lile."

Nikapanda. Sikugeuka kumwangalia, kwa sababu nilijua nitamwona Jumamosi.

Alifariki Jumatano saa nne asubuhi, amekaa kwenye kiti chake dukani. Muhannad ndiye aliyenipigia. Baadaye akaniambia wamekuta karatasi za daktari ndani ya mkoba wake. Zilikuwa za tangu mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa anajua, na hakumwambia mtu yeyote.

Nilikaa na wanawake chumba cha ndani. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui dua, nikawa nashika mikono tu wakati wa kushika mikono. Sanda ilichelewa kidogo, watu wakawa wanaulizana kwa kunong'ona, sikuuliza kwa nini. Wanaume walipoondoka na jeneza, mmoja wa mashangazi alinipa kikombe cha kahawa akaniuliza mimi nani kwao. Nikasema nilikuwa mpangaji.

Tangu hapo Jumamosi zangu ni hivi. Asubuhi nafagia. Saa sita napiga pasi gauni. Saa saba nimeshaoga na kuvaa, na hapo ndipo ninapokumbuka. Nakaa barazani na gauni langu mpaka jua lipungue. Majirani wa Madale wana uzio mrefu na magari yao, wananisalimia kwa honi. Jumamosi moja nilijigawia karata mikono minne, nikajaribu kunadi kwa kila upande. Haiwezekani. Unajua kila mtu ana nini.

Jumanne ile nikiwa bado juu ya ndoo, nilimwandikia Edgar ujumbe kwamba asilichukue kopo la karata, nitalifuata mwenyewe. Akajibu baada ya saa moja: Shikamoo dada, kopo lipi? Sijaambiwa chochote.

Kumbe Afrah hakumwambia.

Siku nne nilizunguka na jambo hilo. Katika mchezo ukishapita umepita, mnada haurudi nyuma kukungoja. Nilifikiria kumpigia, nikawa sijui nianzie wapi. Nilijitungia hotuba nyingi wakati wa kumwagilia mchicha. Nilijiambia anataka nikakae naye, chumba cha juu kipo. Halafu nikajiambia hapana, huyo alikuwa mama yake, huyu ni mtu mwingine, huenda anachotaka ni kuondoa vitu vya marehemu visimuumize. Kila nilivyokisia ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sijui. Ijumaa jioni nikakumbuka maneno ya Wahiba siku ya visheti, kwamba kazi yangu ni kufungua tu.

Jumamosi nilifika saa tisa. Duka lilikuwa limefunguliwa upande mmoja wa mlango. Afrah alikuwa anakunja vitenge, amejifunga kanga kiunoni kama mama yake. Alisimama aliponiona.

"Ma'mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Nimelifuata kopo mwenyewe," nikasema. "Na sina haraka."

Hayo tu ndiyo niliyobaki nayo katika hotuba zote.

Aliniangalia. Kisha akavuta kiti akanipangusia kwa mkono, akaenda nyuma kuchemsha chai. Nikakaa nikitazama majora ya vitambaa, yamepangwa mpaka darini, kanga huku, vitenge kule, satini za harusi juu kabisa. Rafu ya chini kabisa, karibu na miguu ya meza ya kukatia, ilikuwa tupu. Nikaona ajabu kidogo, maana Wahiba hakupenda rafu tupu.

Afrah alirudi na chai ya tangawizi na lile kopo. Aliliweka katikati yetu. Tukanywa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani, kukaa tu na kikombe, na mara mbili nilitaka kumuuliza habari za Aiman ili kimya kiishe.

"Ma'mdogo," akasema mwishowe, "mama alikuambia kwamba anaumwa?"

"Hakuniambia. Aliniambia amekipaka chokaa chumba cha juu."

Alikuwa anazungusha kikombe juu ya meza.

"Mie aliniambia bafta."

"Bafta ipi?"

"Ilikuwa pale." Akaonyesha kwa kidevu ile rafu tupu. "Jora la bafta, limebaki kama yadi kumi na tano. Akaniambia, Afrah, ile bafta isiuzwe, imebaki kidogo. Nikasema sawa. Ikapita siku mbili akaniuliza, ipo? Nikasema mama ipo, nani aile. Nilimjibu hivyo hivyo. Jumatatu akaja mteja anatafuta kitambaa cha bitana ya mapazia. Nikaona si kimekaa bure. Nikamkatia yote."

Nikaweka kikombe chini. Bafta nyeupe ndiyo wanayozikia.

"Jumatano wanawake wananiuliza, sanda iko wapi? Nyumba ya duka la nguo, ma'mdogo. Babu na babu. Mjomba Muhannad akaenda kununua kwa watu." Alisema bila kulia, taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Sijamwambia mtu. Mjomba anadhani tulikuwa tumeishiwa."

Watu wa kwetu wangemwambia hukujua, mwanangu, si kosa lako. Nilikuwa nimeambiwa hivyo na watu wawili kuhusu mambo mengine, na nilijua maneno hayo yanakaa wapi: juu juu, kama vumbi. Nikafungua kopo. Karata zilikuwa zimefungwa kwa mpira wa nywele. Nikazitafuta moja moja mpaka nikazipata kumi na tatu, nikampangia mbele yake: kopa sita, pao nne, uru mbili, shupaza moja. Nyingine kumi na tatu nikazipanga mbele yangu.

"Hizo alikuwa nazo mama yako Jumamosi ya mwisho. Hizi zangu."

"Unazikumbuka zote?"

"Zote. Angalia. Mjomba wako akasema pao moja. Mie shupaza moja. Mwalimu pao mbili. Mama yako, na mkono huo hapo mbele yako, akasema uru mbili."

Afrah aliinama juu ya karata. Hakuwahi kucheza, lakini amekulia chini ya meza ile. "Uru anazo mbili tu. Ana kopa."

"Alikuwa anamaanisha kopa. Tulipatana hivyo."

"Na wewe ukasema nini?"

"Napita."

Aliinua macho akanitazama. Nikayaacha macho yake yakae juu yangu kadiri yalivyotaka. Nje muuza maji alipita na toroli lake la madumu.

"Kwa nini asingesema kopa?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kwa nini asingesema tu? Afrah, naumwa, hii ni sanda yangu. Ingemgharimu nini?"

"Nilimuuliza siku moja. Si kuhusu ugonjwa, kuhusu karata. Alisema akitaja mwenyewe amemaliza. Alitaka mwenzie ndiye aitaje."

"Basi ningetaja nini?"

"Sijui, mwanangu. Kwa upande wangu ningemuuliza nihamie lini. Yeye angesema mengine."

Afrah alichukua karata moja ya kopa, malkia, akaishika kwa ncha za vidole. Ndipo alipolia. Hakulia sana. Alijifuta kwa pindo la kanga, akairudisha karata mahali pake katikati ya wenzake, akainyoosha ikae sawa na nyingine.

Wateja wawili waliingia kuulizia satini. Akawahudumia, akabishana nao kidogo juu ya rangi, wakacheka. Nikakusanya karata. Zilipokaa ndani ya kopo niliona kwamba nimemaliza kazi iliyonileta, na adhana ya alasiri ilikuwa karibu, na mbele yangu kuna baraza ya Madale.

Wateja walipotoka Afrah alinisogezea kopo. "Basi ndio hilo, ma'mdogo."

Nikaliangalia.

"Acha likae hapa," nikasema. "Kule kwangu kuna unyevu. Karata zitavimba."

"Madale?" akasema. "Juu ya kile kilima?"

"Unyevu mwingi."

Katika miaka ishirini na nane sikuwahi kupiga hodi kwa jirani nje ya meza ile, na sikujua kwamba kunatisha hivyo. Nilidhani atapita. Alikuwa na haki ya kupita.

Alilichukua kopo. Hakulirudisha kabatini. Aliinama akalitia kwenye rafu ya chini, pale palipokuwa wazi.

"Hapa karibu na sakafu litaota kutu," akasema akiwa bado ameinama. "Itabidi kila Jumamosi mtu aje alifungue, alipanguse."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa hivi. Chai inakuwa tayari."

Nikamwambia haya. Hakunisindikiza, mteja mwingine alikuwa ameshasimama mlangoni na kipande cha kitambaa cha kufananishia. Nilikwenda peke yangu mpaka kituoni, nikasimama pale pale kwenye kivuli cha kibanda cha vocha. Kibanda sasa kimepakwa rangi nyingine. Gari la Tegeta lilikuwa halijafika. Nikalisema lile jibu nililotakiwa kulisema mwezi wa pili, kwa sauti ya kawaida tu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisikia.

"Kopa mbili."

Mama mmoja aliyekuwa anapanga ndizi kwenye beseni akageuka.

"Kwa Kopa ndio hapa, mama," akasema. "Umeshafika."